Saa ya Uswisi iliyotumika si akiba ya dola

Tangu Machi 2025, zilipotoka kanuni zinazokataza kutangaza bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini, kuna ushauri umeshika kasi kwenye vikao vya watu wenye nafasi Dar es Salaam. Unasema hivi: dola zimebanwa, shilingi haitabiriki, viwanja vina kesi, basi nunua saa ya Uswisi iliyotumika, hasa ile ya michezo inayoonyesha saa za nchi mbili, uivae leo na kesho uiuze kwa bei ya dola. Rolex GMT-Master II, Vacheron Constantin Overseas Dual Time, Patek Philippe Aquanaut Travel Time: majina haya sasa yanatajwa Masaki na Oysterbay pamoja na hatifungani za Serikali, kana kwamba ni kundi moja. Naona ushauri huu umekosea kwenye msingi wake. Saa hizi ni kazi nzuri ya mikono ya watu, na soko la mitumba ndiyo njia ya busara zaidi ya kuzipata. Lakini si akiba ya dola. Mkazi wa Dar es Salaam anayezinunua kwa hesabu hiyo analipa bei ya uwekezaji kwa kitu ambacho, kwa mazingira ya jiji hili, ni matumizi.

Tuanze na kanuni zenyewe, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 hazikumkataza Mtanzania kuwa na akaunti ya dola benki. Kilichokatazwa ni mwenye duka, mwenye nyumba au mtoa huduma kutaja bei kwa fedha za kigeni, na mtu kulipa au kulipwa kwa fedha hizo katika biashara ya ndani. Anayetaka kuweka akiba yake kwa dola bado ana njia iliyonyooka, haina gharama ya bima wala ya fundi. Lakini kanuni hizohizo zinamgusa muuzaji wa saa. Siku utakapotaka kuiuza hapa, bei halali ya kutangaza ni ya shilingi na malipo halali ni ya shilingi. Ukitaka igeuke dola kweli itabidi uipeleke nje, Dubai au Ulaya, ukaiuze kwa mfanyabiashara wa kule, naye atakata faida yake kwanza kabla hujaiona yako. Kwa hiyo kanuni zinazotajwa kuwa ndiyo sababu ya kununua saa zimefanya saa hiyo iwe ngumu zaidi kutumika kama dola. Sijamsikia dalali hata mmoja akilieleza hili.

Saa zenyewe zina asili inayoeleweka, na ni vizuri mnunuzi aijue. Katikati ya miaka ya 1950, Rolex walitengeneza GMT-Master kwa ajili ya marubani wa Pan American, shirika lililokuwa likirusha ndege za masafa marefu. Waliongeza mshale wa nne unaozunguka mara moja kwa saa 24, na duara la rangi mbili pembezoni mwa kioo likatenganisha mchana na usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja GMT-Master II, ambayo mshale wake wa saa unaruka saa moja moja peke yake bila kusimamisha dakika wala sekunde. Kufikia wakati huo mkondo mwingine ulikuwa umeshafunguka. Mwaka 1972 Audemars Piguet walitoa Royal Oak, saa ya chuma cha pua iliyouzwa kwa bei ya saa za dhahabu. Patek Philippe wakafuata na Nautilus mwaka 1976, na Vacheron Constantin, nyumba iliyoanza Geneva mwaka 1755, wakatoa modeli ya 222 mwaka 1977. Hiyo 222 ndiyo iliyozaa Overseas ya mwaka 1996. Overseas Dual Time iliyotoka mwaka 2018 ina kipenyo cha milimita 41, ikijaa hutembea saa 60, imepimwa kwa maji hadi mita 150, na mashine yake ina mhuri wa Geneva, alama rasmi ya ubora wa utengenezaji. Nasema bila kusita kwamba ni miongoni mwa saa bora za safari zilizotengenezwa katika miaka hii. Mkanda wake unabadilishwa kwa vidole, bila bisibisi, kutoka chuma kwenda ngozi au mpira, na kwa joto letu la Februari mpira una maana yake.

Naingia kwenye mashine kwa sababu wanunuzi wengi wanalipia kitu wasichokihitaji. Kuna saa ambazo kinachoruka ni mshale wa saa ya pale ulipo. Hizo ni za msafiri: ukitua Dubai unausogeza saa moja mbele, ukirudi unaurudisha, na mshale wa nyumbani haujaguswa. GMT-Master II na Overseas ziko kundi hili. Kuna nyingine ambazo kinachosogezwa ni mshale wa pili. Hizo ni za mtu anayekaa mahali pamoja na kupiga simu nje. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou na kuzungumza na wakala wake kila asubuhi anahitaji hii ya pili, na hupatikana mpya kabisa kwa sehemu ndogo ya bei ya Rolex. China nzima iko saa tano mbele yetu mwaka mzima, akishaitegesha haigusi tena. Dubai wako saa moja mbele. London wako nyuma yetu saa mbili au tatu kutegemea msimu. Anayefanya kazi na Mumbai ajue kwamba India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na mshale unaoruka saa nzima nzima hauwezi kuonyesha hiyo nusu. Dakika atazihesabu mwenyewe kichwani. Kwa pwani yenye biashara ya karne nyingi na India, muuzaji anapaswa kulisema hili kabla ya kupokea hela.

Lipo na jambo dogo la kutufurahisha sisi. Saa ambayo mshale wake wa pili unazunguka kwa saa 12, kama Overseas, unaweza kuitegesha kwa tofauti ya saa sita, ikasoma saa ya Kiswahili na saa ya kizungu kwa pamoja. Mishale miwili ya saa itakaa mstari mmoja siku nzima, mmoja kwenye saba, mwingine kwenye moja. Sioni sababu ya mtu kutumia makumi ya mamilioni kwa ajili hiyo, lakini mwenye nayo ajaribu.

Sasa bei. Wanaosema saa hizi hazipotezi thamani wanachota mfano wao kipindi cha janga la UVIKO-19. Watu wenye fedha walikaa nyumbani, viwanda vikasimama kwa muda, riba za dunia zikawa chini, na fedha nyingi zikaingia kwenye saa. Kufikia mwanzoni mwa 2022, GMT-Master II ya duara jekundu na buluu ilikuwa ikiuzwa mitumbani zaidi ya mara mbili ya bei ya dukani. Nautilus 5711, ambayo Patek waliisitisha mwaka 2021, ilivuka mara nne. Kisha, kuanzia robo ya pili ya 2022, bei zikaanza kuporomoka, zikaendelea kushuka mwaka 2023 na kuingia 2024. Aliyenunua kileleni, hata kama saa yake bado inauzwa juu ya bei ya dukani, amepoteza fedha nyingi, kwa sababu yeye hakuinunua kwa bei ya dukani. Grafu wanazotumiana watu kwenye simu huanza 2018 na kuishia mahali panapompendeza anayeuza. Tena nyingi zinajengwa kwa bei zinazoombwa na wauzaji mtandaoni, na kati ya bei anayoomba mtu na bei anayolipwa kuna pengo ambalo grafu hailioni.

Kuna tofauti nyingine inayofichwa na neno hili la jumla, "saa ya Uswisi". Modeli zinazogombaniwa ni chache mno. Nje ya hizo, saa nzuri kabisa ikishatoka dukani inashuka bei, na Overseas Dual Time yenyewe mara nyingi hupatikana mitumbani chini ya bei yake mpya. Kwa mtu anayetaka kuivaa hiyo ni habari njema kuliko zote: mnunuzi wa kwanza ameshabeba hasara, wewe unapata mashine ileile kwa pungufu. Kwa anayetafuta faida ni habari mbaya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la "ninunue au nisinunue" halijibiki mpaka mtu aseme kwanza anainunua kwa ajili gani.

Mwaka 2025 ikaongezeka hoja mpya. Agosti mwaka huo Marekani iliziwekea bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39, na kwa kuwa Marekani ndilo soko kubwa kuliko yote la saa hizo, madalali wetu wakaja na hesabu yao: mpya zitapanda, Wamarekani watakimbilia mitumba, mitumba itapanda, wahi sasa. Hoja hiyo ina mantiki yake, sikatai. Bidhaa mpya ikipanda bei, iliyotumika huvutwa nyuma yake. Lakini Novemba mwaka uleule makubaliano yakatangazwa ya kuushusha ushuru hadi asilimia 15. Aliyelipa zaidi Dar es Salaam mwezi Septemba kwa hofu ya asilimia 39 alinunua tamko la kisiasa lililodumu miezi michache, na hana wa kumrudishia. Bei inayoegemea uamuzi wa nchi ya mbali, kwenye kitu ambacho kwako kuuzika tena huchukua miezi, si bei ya kuwekea akiba.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Bei ya saa hizi Dar es Salaam inajengwa kinyume. Muuzaji anachukua bei ya Dubai, anaongeza nauli, anaongeza kile anachokiita kodi, anaongeza faida yake, na anakueleza kwamba ndiyo gharama ya kuwa mbali. Lakini mbali huko kunapaswa kushusha bei, kwa sababu wewe mnunuzi ndiye unayebaki mbali na fundi wa kiwanda, mbali na wanunuzi wengine, mbali na mtu wa kukurudishia hela ikionekana ina kasoro. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Saa iko Dubai kwa dola 20,000. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni milioni 50. Hapa unaambiwa milioni 60. Baada ya miaka miwili unahitaji fedha. Hapa wa kuinunua hapatikani haraka, unaipeleka Dubai, na mfanyabiashara wa kule, ambaye lazima aifanyie huduma na kuikalisha kabatini, anakupa asilimia 20 pungufu ya bei anayouzia. Unarudi na milioni 40. Theluthi ya fedha imeyeyuka huku bei ya dunia haijasogea hata kidogo. Ili usipate hasara, bei ya dunia ingelazimika kupanda kwa nusu nzima. Na bado hatujahesabu tiketi.

Hiyo "kodi" nayo inahitaji kuulizwa. Saa inayoingia nchini kihalali inalipiwa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na VAT ya asilimia 18, na malipo hayo yanaacha nyaraka: TANSAD, yaani hati ya forodha yenye maelezo ya bidhaa na thamani iliyotangazwa. Kama muuzaji amelipa, anayo. Kama hana, saa imepita uwanja wa ndege ikiwa mkononi mwa mtu, na ile nyongeza ya "kodi" unayodaiwa haijawahi kufika TRA. Unamlipa yeye kodi aliyoikwepa, kisha wewe ndiye unayebaki na mali isiyo na maelezo siku utakapoulizwa. Nimeona watu makini, wahasibu na wanasheria, wakiliruka swali hili kwa sababu wanaona aibu kumuuliza mtu aliyewaletea kahawa na kuwaita bosi. Wasione aibu.

Upande wa pili una hoja nzito, nami naiheshimu. Wapo wanaosema achana na mitumba kabisa, nunua mpya kwa wakala aliyeidhinishwa, hata ikibidi kusafiri. Kwa Rolex mpya unapata dhamana ya miaka mitano, na hakuna swali la nani aliivaa jana. Kama modeli unayoitaka ipo kabatini na bei yake unaimudu, sina la kupinga. Shida ni kwamba zile zinazogombaniwa hazipo kabatini. Unaandikwa jina na kusubiri bila tarehe, na mara nyingi anayepewa ni mteja wa siku nyingi. Kwa zisizogombaniwa, unalipa bei kamili na kuipoteza sehemu siku unapotoka mlangoni. Makampuni yenyewe yameliona soko hili. Mwishoni mwa 2022 Rolex walianzisha mpango wao wa saa zilizotumika, zilizokaguliwa na kupewa dhamana ya miaka miwili, wakianza na maduka ya Bucherer, wauzaji wakubwa wa saa wa Uswisi, na mwaka uliofuata wakaamua kuinunua Bucherer yenyewe. Saa za mpango huo ni ghali kuliko za mitaani, na watu wanalipa. Kinacholipiwa ni jina la mtu atakayewajibika. Kwetu sehemu hiyo ndiyo inayokosekana, na ndiyo inayopaswa kupunguzwa kwenye bei.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya "ina boksi na karatasi zake". Boksi linauzwa peke yake mtandaoni. Kadi za dhamana zinaghushiwa. Kadi halisi inaweza kuwekwa na saa isiyo yake. Hata saa halisi inaweza kuwa na uso wa modeli nyingine, mishale ya kubadilishwa na mashine iliyochanganywa vipuri. Anayedhani jicho la mjuzi linatosha akumbuke kisa cha Omega. Novemba 2021, Speedmaster moja ya zamani iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni tatu, na walioinunua walikuwa Omega wenyewe kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 ikabainika kuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na kampuni ikasema wafanyakazi wake watatu wa zamani walihusika. Kama mtengenezaji mwenyewe, na kumbukumbu zake zote, aliuziwa saa yake isiyo sahihi, boksi lililowekwa juu ya meza ya ofisi ya ghorofani Mtaa wa Samora linathibitisha nini? Karatasi zina thamani pale tu namba iliyochongwa kwenye kasha, namba iliyo kwenye kadi na rekodi ya huduma vinaposimulia habari moja.

Cha ajabu ni kwamba elimu hii tunayo tayari. Mkazi wa Dar es Salaam anayenunua gari la mtumba kutoka Japani anajua kuulizia namba ya chesisi, cheti cha ukaguzi, kilomita na nyaraka za bandarini, na hakuna anayemwona mshamba. Akiambiwa "lina funguo mbili na kitabu chake" hatatoa milioni 50. Kwenye saa ya bei hiyohiyo anatoa, kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya uso wake.

Na hali ya hewa yetu haina huruma. Nilikuwepo siku moja fundi saa mmoja wa maeneo ya Posta alipofungua mfuniko wa nyuma wa saa ya michezo iliyoletwa ikaguliwe kabla ya mauziano. Kwa nje ilikuwa inang'aa, boksi lipo, kadi ipo. Alipuliza vumbi kwa kile kipira chake cha mkononi, akaweka lenzi jichoni, akakaa kimya. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umelala bapa na kukauka, na karibu na kijiti cha kujazia kulikuwa na kutu ya kahawia, nyembamba, imejipanga nusu duara. Akaurudisha mfuniko na kumwambia aliyeileta, "Hii imeogelea, kaka." Mita 150 zilizoandikwa nyuma ni za siku ilipotoka kiwandani. Mpira huzeeka, na kwa jasho, unyevunyevu na chumvi ya Coco Beach huzeeka upesi. Huo mng'ao nao ulikuwa ushahidi dhidi yake: saa iliyopigwa polishi sana kingo zake huwa laini, za mviringo, wakati kwenye Overseas na Royal Oak kingo kali na mistari ya msasa ndiyo nusu ya kazi unayolipia. Mikwaruzo midogo ya uvaaji ni afadhali.

Mafundi wetu ni hodari, na wapo wanaoweza kufufua Seiko ya babu yako mchana mmoja. Lakini viwanda vikubwa vya Uswisi vinabana vipuri, haviwauzii mafundi wa nje, kwa hiyo ustadi wa fundi haumsaidii asipokuwa na gurudumu la kuweka. Vacheron ikihitaji huduma ya kiwandani inapanda ndege, na bili inaweza kufika mamilioni ya shilingi ikijumlishwa na bima ya usafirishaji. Kila baada ya miaka kadhaa gharama hiyo inarudi. Kabla haijatoka iandikishwe forodha kwamba inakwenda kwa matengenezo, la sivyo ikirudi itatazamwa kama mzigo mpya.

Kuna suala la wizi, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu sheria yake haina utata. Saa hizi zinaibwa London, Paris na Milan, na zinasafiri. Anayeuza kitu kisicho chake hakupi umiliki, hata kama ulilipa bei kamili na kwa nia njema. Mwenye mali akijitokeza, inarudi kwake na wewe unabaki kumtafuta aliyekuuzia. Mwaka 2023 kundi la Richemont, wanaomiliki Vacheron Constantin na Cartier, walifungua Enquirus, daftari la kimtandao ambapo mtu anaingiza namba ya saa bila malipo na kuona kama imeripotiwa kuibwa au kupotea, ikiwa ni ya kampuni yoyote. Kazi ya dakika chache, ukiwa umekaa hapohapo mbele ya muuzaji.

Najua wapo watakaosema mjadala mzima ni wa watu wachache, na kwamba milioni 50 ni nyumba ya mtu Chanika. Ni kweli. Lakini fedha hizo zinatoka kwenye jiji hilihili, na biashara inayokua gizani huwa haibaki na matajiri peke yao. Kesho saa ya milioni mbili itauzwa kwa utaratibu uleule wa boksi na maneno matamu kwa kijana aliyepata mkopo. Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia kwa miaka, na ni haki iliangalie soko hili kabla halijawa kubwa. Wauzaji waaminifu, na wapo, ndio wangenufaika kwanza.

Anayeipenda saa hii ainunue, na aivae. Atafute modeli isiyogombaniwa, ambayo hasara ya kwanza imeshabebwa na mwingine. Bei yake aianzie chini ya ile ya Dubai, apunguze gharama ya huduma moja ya kiwandani na ya kuisafirisha kwenda na kurudi, na hapo ndipo mazungumzo yaanze. Mfuniko ufunguliwe na fundi aliyemchagua yeye, si aliyeletwa na dalali. Malipo yawe ya shilingi kupitia benki. Risiti ya EFD iandikwe modeli na namba ya saa, na pembeni yake yawepo maandishi ya siku kadhaa za kuirudisha ikibainika si ile iliyoelezwa. Nakala ya TANSAD ikabidhiwe siku hiyohiyo. Nimewauliza wauzaji kadhaa kama wako tayari kuandika namba ya saa kwenye risiti. Waliokubali, bei zao hazikuwa za juu kuliko za waliokataa.